Tafakari ya Juma: Kuutafuta Mlima



Vijana wanapotuuliza ni barabara ipi ya vijijini iwafaayo kwa hija ya baiskeli, twawaelekeza ile ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni. Ni lami ya takriban kilomita 33, nayo hupanda karibu mita 1,000 katika milima ya Usambara, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Kwa nini tuutafute mlima ilhali tambarare ipo? Kwa sababu kwenye tambarare kila mtu huonekana hodari. Mlimani ndipo hujulikana nani amngojaye mwenzake.

Kule Italia, karibu na Ziwa Como, juu ya mlima wa Ghisallo, pana kikanisa kidogo cha Bikira Maria. Mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza Mama wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Amfikiaye humfikia akihema.

Lakini tusisahau: kwetu sisi mlima ni hiari; kwa mama apandaye kwa miguu na tenga la mboga kichwani, ni riziki. Tumpishe, tumwamkie, na ikibidi tushuke tumtwike mzigo wake. Hija isiyomwona huyo ni mazoezi ya miguu tu.

Basi kagueni breki, ondokeni alfajiri, naye wa kwanza kufika Soni amngoje wa mwisho.

Bwana awabariki.