Barua kwa Mpwa Aliyeko Tunduma: Namna ya Kuzihukumu Riwaya Ndefu na Fupi

Vwawa, Mkoa wa Songwe

Kwa mpwa mpendwa,

Swali ambalo mpwa amemletea mjomba wake, kwamba mtu aliyekwisha kuonja mifululizo mirefu ya fantasia ana haja gani ya kurudi kwenye riwaya nyembamba za Kiswahili, linastahili jibu lisilo na kificho, kwa kuwa ndani yake yamechanganywa mambo mawili: ukubwa wa kitabu na ukubwa wa ulimwengu uliomo kitabuni. Fantasia, kwa maana inayotumika hapa, ni masimulizi yanayosimamisha ulimwengu usiokuwapo na kuupa sheria zake, ziwe za uchawi, za viumbe au za utawala. Na mfululizo ni hadithi moja, au mhusika mmoja, anayeendelezwa katika juzuu kadhaa. Nasaha ya barua hii ni kwamba ulimwengu wa kubuni hupimwa kwa sheria zake na kwa jinsi zinavyowabana wakazi wake, na kwamba kurasa zisizofanya kazi hiyo humchosha msomaji bure, ziwe hamsini au elfu kumi.

Kipimo hicho kianzie kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ambayo shuleni husomwa zaidi kama istiara, yaani kisa kinachosema jambo moja ili lieleweke jingine, ingawa nchi yake inayoelea angani ni fantasia isiyohitaji utetezi. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mahakamani kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakalipwa kifungo. Kasoro za kitabu hiki zisemwe wazi: majina ya wahusika yanatangaza tabia zao mapema mno, hata msomaji akajua nani ana haki kabla ya ushahidi kutolewa, na safari za wajumbe zinafanana kiasi kwamba ya nne haishangazi tena kama ya kwanza. Pamoja na hayo, ni vigumu kupata mfululizo mrefu unaoonyesha kwa ukali kama huo hofu ya mtawala mbele ya raia anayeijua sheria, na Shaaban Robert alilitimiza hilo katika kitabu ambacho msomaji anaweza kukimaliza kwa siku moja.

The Wheel of Time ya Robert Jordan, ambayo mpwa anaisifu kuliko vitabu vyote, ina juzuu 14 zilizotoka kati ya mwaka 1990 na 2013, na tatu za mwisho zilikamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki mwaka 2007. Sifa yake ya haki ni kwamba uchawi wake una gharama: nguvu wanayoitumia wanaume imetiwa sumu, na anayeigusa huelekea wazimu, kwa hiyo kila ushindi wa shujaa unamsogeza karibu na maangamizi yake. Hiyo ni sheria inayobana, na juzuu za mwanzo zinaitumia vizuri. Katikati ya mfululizo, hata hivyo, wahusika wanaongezeka kupita kiasi, mavazi na nyumba za wageni vinaelezwa tena na tena, na juzuu la kumi, lililotoka mwaka 2003, linawaacha watu wengi karibu palepale lilipowakuta. Anayeupenda mfululizo huu hapaswi kuona haya kusema hivyo, kwa maana mapenzi yanayokataa kuona kasoro hayamsaidii mwandishi wala msomaji.

Kuhusu J. R. R. Tolkien, ambaye The Lord of the Rings yake ilitoka kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955, inatosha kusema kwamba lugha, nyimbo na historia za watu wake zimejengwa kwa subira kubwa, ila maisha ya sokoni hayaonekani sana. Mwandishi mwenzake wa fantasia, George R. R. Martin, aliwahi kuhoji hadharani sera ya kodi ya mfalme wa Tolkien ilikuwa ipi, na swali hilo, ambalo kwa wengine ni mzaha, kwa mtu wa Tunduma ni swali la kila siku. Msomaji aliyekulia mahali ambapo barabara moja inazitenganisha Tanzania na Zambia, ambapo Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili, shilingi na kwacha zinabadilishwa mkononi, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yanasubiri forodha, ana haki ya kuiuliza nchi yoyote ya kubuni: ni nani anabeba mizigo, ni nani anatoza ushuru, na watu wa pande mbili za mpaka wanaelewana kwa lugha gani? Martin mwenyewe anajibu maswali hayo vizuri kuliko wengi, lakini juzuu la tano la mfululizo wake lilitoka mwaka 2011 na hadithi haijafika mwisho, jambo linalomlazimu msomaji kuamua kama yuko tayari kupenda jengo lisiloezekwa.

Kiswahili nacho kina mifululizo, ingawa inafuata njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, akamwendeleza mpelelezi Bwana Msa katika riwaya kadhaa, zikiwamo Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu, na kila riwaya inafungua fumbo lake na kulifunga. Jambo la kuvutia ni kwamba Abdulla anaenda kinyume cha fantasia: watu wanaogopa mizimu, kisha akili ya Bwana Msa inafichua mkono wa binadamu nyuma ya hofu hiyo. Udhaifu wake ni siri za nasaba, yaani watu kugundulika kuwa ndugu au wazazi wa wengine, ambazo zinarudiwa mno, pamoja na maelezo marefu ya mwisho ambamo mpelelezi anageuka mwalimu.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye anayemdai msomaji zaidi. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 ni vitabu vyembamba visivyofuata mtiririko wa kawaida wa wakati, na anayetafuta taharuki, yaani ile hamu ya kujua litakalofuata, atatoka mikono mitupu. Ukweli usiofichwa ni kwamba Nagona haieleweki kwa usomaji mmoja, na baadhi ya ugumu wake hauna malipo. Lakini ikisomwa mara ya pili inaonyesha kwamba ulimwengu wa ajabu unaweza kujengwa kwa maswali ya kifalsafa bila ramani wala majeshi.

Basi mpwa anausiwa mambo matatu. Kwanza, atenganishe kutopendezwa kwake na kasoro ya kitabu, kwa sababu la kwanza ni hali ya msomaji na la pili lazima lionyeshwe kitabuni. Pili, asijilazimishe kumaliza mfululizo kwa sababu tu amekwisha kusoma juzuu sita, kwani muda uliotumika haurudi kwa kuongezewa mwingine. Tatu, asiazime hukumu ya wengi, iwe ya kuwasifu wageni au ya kuwatetea wa nyumbani, bali kila kitabu akiulize maswali yaleyale. Mjomba anasubiri ukurasa mmoja kutoka Tunduma, wenye sifa moja na kasoro moja ya The Wheel of Time na sifa moja na kasoro moja ya Kusadikika, kila moja ikiwa na ushahidi wa tukio lililomo kitabuni. Na kama hukumu hiyo itapingana na ya barua hii, ushahidi ndio utakaoamua.

Wasalaam,

Mjomba wake, Vwawa