Badilisha Alama, Uone Kama Neno Litabaki Lile Lile

Watu wangu, leo naongea hesabu. Kabla hujatoroka, skiza kidogo, manake hesabu hii ilinigombanisha na nyumba nzima.

Nilikuwa kidato cha tatu, hapa hapa Tononoka, na grafu zilikuwa zanitoa jasho. Mie nlikuwa mtu wa jedwali: x ni −3, tafuta y, x ni −2, tafuta y, mpaka nukta saba zitimie. Ukikosea moja tu, mchoro wote unapinda na huelewi kwa nini.

Siku moja mwalimu akaniuliza, "Kabla hujachora, huo mlinganyo umeuuliza maswali?"

Maswali ni mawili. La kwanza: unakata wapi? Chukua y = x² − 4. Kwenye mhimili wa y, x ni 0, kwa hivyo unakata −4. Kwenye mhimili wa x, y ni 0, kwa hivyo x² ni 4, na x ni 2 au −2. Hiyo −2 ndo wengi huisahau.

La pili: pande mbili zinalingana? Palipo na x, weka −x. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hivyo (−x)² inabaki x². Mlinganyo haujabadilika hata kidogo. Basi kushoto na kulia kwa mhimili wa y ni pacha, kama Pembe za Ndovu pale Moi Avenue. Chora upande mmoja, wa pili ushaujua. Jedwali bado utaliandika likiombwa kwenye mtihani, lakini ukikosea utajishika mwenyewe.

Sasa jaribu y = x² − 2x − 3. Weka −x: ile −2x yageuka +2x. Mlinganyo umebadilika. Kwa mhimili wa y, hakuna ulinganifu.

Jioni ile nikarudi nyumbani na hiyo akili. Kwetu, kakangu akitoka skuli ni mpira uwanjani mpaka adhana ya Maghrib, kisha chakula, kisha kitabu. Mie ni vyombo, kukanda unga wa mahamri ya asubuhi, halafu kitabu nakifungua saa nne usiku macho yakifumba. Na matokeo yakija: "Wasichana na hesabu wapi na wapi."

Nikaweka −x. Nikasema kwa sauti, "Dada acheze mpaka Maghrib, kaka aoshe vyombo."

Mamangu akacheka. Nikamwambia, "Mama, umecheka kwa sababu neno limebadilika. Hapa hakuna ulinganifu."

Hapo kicheko kikaisha. "Hayo ndo mnayofundishwa skuli?" Siku mbili nasalimiwa nusu nusu.

Lakini ule mlinganyo wa pili haukuwa umeisha, na mie pia sikuwa nimemaliza. Unakata mhimili wa x kwenye −1 na 3. Katikati yake ni 1, na ukikunja karatasi kwenye x = 1, pande zinalala sawa. Ulinganifu upo, ila sipo nilipoutafuta mwanzo.

Nikaangalia tena nyumbani kwetu. Maji yakikatika, nani hupandisha mitungi mpaka ghorofa ya tatu? Kakangu. Mie sijawahi kubeba hata mmoja, na sikuwa nimeuhesabu. Nikamwendea yeye kwanza, tukapanga wenyewe, kisha tukamwambia mama: mitungi abaki nayo, vyombo vya usiku ni zamu, na saa mbili usiku kila mtu yuko na kitabu chake.

Mama hakujibu kitu. Lakini usiku ule alikanda unga mwenyewe.

Sitakudanganya, kuna wiki zamu husahaulika, na anayesahau mwamjua. Lakini grafu nilizielewa nilipopata saa mbili za kukaa nazo nikiwa macho. Kumbe shida haikuwa usichana, ilikuwa usingizi.

Kwa hivyo ukiambiwa "ndo ilivyo", usigombane kwanza. Badilisha majina, useme tena, usikize kama neno litabaki lile lile. Lisipobaki, tafuta katikati ya kweli iko wapi, na uhesabu mitungi ya mwenzio pia.

Haya niambie, leo kwenu zamu ya vyombo ni ya nani?