Wati zinapotelea wapi?

Kimya cha wiki tatu hapa kina sababu, na sababu yenyewe iko juu ya meza yangu: redio ndogo ya Morse ya mita 40 niliyoiunda kutoka kwenye kifurushi cha vipuri. Upande wa kupokea uliamka siku ya kwanza. Upande wa kurusha nao ulirusha, lakini karatasi ya maelekezo inaahidi wati 4 hadi 5, na yangu ilikuwa inatoa 1.4. Waliozoea kunisoma kuhusu programu na hifadhidata wanivumilie leo. Kazi ni ileile ya kusaka hitilafu, ila hii inaunguza vidole.

Kwa asiyejua: redio ya ridhaa ni uhobi wenye leseni. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ukiwa nayo unapewa jina la hewani linaloanza na 5Z4. Mita 40 ni kipande cha masafa kati ya kilohezi 7000 na 7200, na sisi wa nguvu ndogo hukutana karibu na 7030.

Wati 1.4 si aibu. Watu huvuka bahari kwa nguvu hiyo hali ya hewa ikiwa nzuri. Tatizo langu lilikuwa mzee mmoja wa Kisumu, aliyenifundisha Morse kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Amepita miaka 80 na kila Jumapili saa mbili asubuhi tunakutana hewani. Msimu wa mvua za masika mita 40 hujaa ngurumo za radi. Wenye wati 100 alikuwa bado anawasikia, mimi aliniandikia kwa simu: "Mwanangu, nakusikia kama mbu aliye nje ya neti." Ripoti yake ilikuwa 339. Wiki iliyofuata akasema masikio yake ndiyo yamekwisha, na kwamba afadhali auze redio yake. Hapo nikaona jambo hili haliwezi kungoja.

Kabla ya kuilaumu redio nilikagua kipimo. Huwezi kupima nguvu ukiwa umeunga antena, maana antena nayo ina mambo yake. Unahitaji mzigo bandia wa omu 50. Rezista 20 za kilo-omu 1, za robo wati, zikiungwa sambamba hutoa omu 50 na kubeba wati 5 kwa jumla. Nilizipata Luthuli Avenue kwa hela kidogo. Ziwe za utando wa kaboni au wa metali. Zile kubwa za waya uliozungushwa ni koili kwa ndani, na kwenye megahezi 7 omu zake si zile zilizoandikwa juu. Juu ya mzigo huo unaweka dayodi ya 1N4148 na kapasita ndogo, na mawimbi yanageuka volti tulivu inayosomeka kwa mita ya kawaida. Soma volti, ongeza 0.7 inayoliwa na dayodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa 100. Mita yangu ilisoma 11.3. Ongeza 0.7 upate 12, 12 mara 12 ni 144, wati 1.44. Kwa wati 4 ningetakiwa kuona 19.3.

Basi kipimo hakikuwa kinadanganya. Swali likawa: wati hazizaliwi, au zinazaliwa na kupotea njiani? Hili ndilo swali ambalo wengi hawajiulizi. Wanakimbilia kubadilisha transista, kisha chipu, kisha transista tena, kama mtu anayefuta mistari ya msimbo ovyo akiomba programu ikubali. Jibu liko kwenye mita ya ampea. Redio yangu ikipokea ilikunywa ampea 0.1, nikibonyeza kurusha ilipanda hadi 0.4. Kwa hiyo kipaza nguvu kilikuwa kinapewa ampea 0.3. Ingekuwa imepanda kidogo tu, hadi 0.15 kwa mfano, ningerudi nyuma kwenye chipu inayozisukuma transista, au kutafuta transista iliyokufa. Lakini ampea zilikuwepo. Transista tatu za BS170 zilikuwa zinafanya kazi, na zote tatu zilikuwa za moto sawasawa. Za moto mno, kusema kweli.

Hapo ndipo tatizo lilipojionyesha. Kipaza nguvu cha aina hii huitwa daraja E: transista hufanya kazi kama swichi, ama imefunga ama imefungua, na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu inayoingia hutakiwa kutoka kwenye antena. Kwangu zilikuwa zinaingia wati 3.5 na kutoka 1.4. Wati mbili nzima zilikuwa zinageuka joto ndani ya vipuri vitatu vidogo kama punje za mahindi. Nikabonyeza kwa sekunde tatu tatu tu, nikipumzisha katikati.

Nilianza na kilicho rahisi, volti. Betri ni ile ya pikipiki. Kwenye vichwa vyake, redio ikirusha, nilipata 12.5, kwenye bodi, wakati huohuo, 11.6. Zingatia hayo maneno "redio ikirusha". Ukipima redio ikiwa imetulia utaona volti zote zimefika salama na utaondoka umeridhika bure. Karibu volti nzima ilikuwa inaliwa na waya wa mita mbili na plagi yake. Waya huo niliuziwa kama wa shaba tupu. Nilipoukwaruza kwa wembe, wekundu ulikuwa wa juu tu; ndani mlikuwa na alumini nyeupe. Duka silitaji, ila nawe chukua wembe unapokwenda kununua waya.

Niliweka waya mnene wa shaba na plagi inayobana, bodi ikapata 12.3. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo hesabu ilisema nitoke 1.44 hadi 1.62. Nikapata 1.6. Ilinifurahisha, na papo hapo ikaniambia kwamba waya haukuwa mkosaji mkuu.

Kuna njia ya mkato ambayo utashauriwa na mtu: pandisha volti. Ukiweka 16 badala ya 12 nguvu itaongezeka, hilo ni kweli. Lakini kwenye daraja E, volti kwenye mguu wa transista hupanda hadi mara tatu na nusu hivi ya ile unayoilisha. Kwa 12 ni kama 43. Kwa 16 ni 57, na BS170 mwisho wake ni 60. Hapo bado transista inatapika wati mbili za joto. Antena ikilegea kidogo tu, umezika tatu kwa mpigo.

Nikabakiwa na koili. Kwa wajenzi wengi tatizo huishia kwenye ncha zake: waya wa koili una rangi ya kuhami, na isipochomwa vizuri lehemu hukaa juu yake ikang'aa kama iliyoshika, kumbe haijashika. Mita ya omu inakuambia kwa sekunde moja. Zangu zilisoma karibu sifuri, zote.

Niliazima NanoVNA ya rafiki, kile kipimo kidogo cha mkononi kilichoenea kwa wapenda redio tangu mwaka 2019. Vipima-vipuri vingi vya bei nafuu havisaidii hapa, kwa kuwa havioni chini ya mikrohenri 10. Chujio la kutokea lina koili tatu zilizofumwa kwenye pete za T37-6, zile za manjano. Pete hiyo hutoa nanohenri 3 mara mraba wa idadi ya mizunguko. Maelekezo yanataka mizunguko 21 kwa koili mbili za pembeni: 441 mara 3, yaani mikrohenri 1.32. Ya katikati ina 24, sawa na 1.73. Nilihesabu chini ya taa, kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, na hesabu ilikuwa kamili. Lakini kipimo kilisema 1.48 kwa za pembeni na 1.94 kwa ya katikati. Zaidi kwa asilimia 12.

Inawezekanaje? Ile nanohenri 3 ni wastani. Pete hutofautiana kidogo moja na nyingine, na mizunguko ikikaribiana kipimo hupanda, ikitawanywa hushuka. Karatasi inaweza kukupa idadi tu. Haiwezi kukuambia pete uliyoishika imeamkaje. Kwa mtu wa programu hili linachukiza. Umeandika msimbo uleule, mashine inatoa jibu lingine.

Kama chujio halioani, kipaza nguvu hakioni omu 50. Swichi inafunguka na kufunga wakati volti bado ziko juu, na huko ndiko joto linakotoka. Nilitoa mzunguko mmoja kwenye kila koili. Za pembeni zikawa 1.34, ya katikati 1.78, nikaitawanya kidogo kwa kijiti cha meno hadi 1.72. Nikarudisha, nikapima: wati 2.3. Kisha nikageukia koili ya kipaza nguvu chenyewe, ambayo nayo ilikuwa imezidi. Nilitoa mzunguko mmoja, nikaanza kutawanya, kijiti mkono mmoja, jicho kwenye mita. 2.8. 3.4. 3.9. Ikafika 4.0, nikaisukuma zaidi ikaanza kushuka, nikairudisha. Ampea za kipaza nguvu sasa ni 0.39: zinaingia wati 4.8, zinatoka 4. Unaweza kuziwekea kidole transista bila kusema ng'o.

Jambo moja usiliruke. Chujio lile halikuwekwa kwa ajili ya nguvu. Liko pale kuzuia mawimbi ya mara mbili na mara tatu, yaani megahezi 14 na 21, yasiende kuwasumbua wengine. Kila mzunguko unaoutoa unalilegeza. Kuna watu huendelea kutoa mpaka mita inapofurahi, wakasahau kwamba mita ya dayodi huhesabu hata uchafu. Nilipitisha NanoVNA tena kwenye chujio: kwenye megahezi 14 bado linakata takriban desibeli 30. Nikafunga kasha.

Kutoka 1.4 hadi 4 ni desibeli 4.6. Haifiki hata alama moja ya S, ambayo ni desibeli 6, na mwenye masikio ya kijana na chumba kimya angeweza kukuambia hajaona tofauti. Ila kwa aliye pembezoni kabisa mwa kelele, desibeli nne ni tofauti ya kubahatisha na kusoma. Jumapili iliyopita mzee alinipa 559, na radi zikiwepo. Nikamwelezea polepole, kwa Morse, kuhusu waya na pete. Alinyamaza kidogo, kisha akatuma: MASIKIO MAZIMA. Ya kuuza redio hakuyataja tena, nami sikuuliza.

Wati ya tano sitaifuata. Kutoka 4 hadi 5 ni desibeli moja, na pete hizi zimeguswa vya kutosha. Dipole yangu imening'inia mita nne tu kutoka ardhini, upande mmoja umefungwa kwenye mparachichi wa jirani. Kesho naenda kumwomba ruhusa nipande tawi la juu zaidi.