Siku moja katika mashamba ya zabibu ya Dodoma



Tangu nilipotoka safari, wengi mumeniuliza mama wa Kamina alienda kutafuta nini katika mashamba ya divai. Swali ni la haki. Tena juma lijalo tutakutana kuamua jambo ambalo limetugawanya tangu Pasaka: je, mwenzetu anayepika lutuku anaweza kukopa katika kasha letu kama wengine? Mambo haya mawili yanagusana. Acha nieleze namna gani, ili kila mmoja aje kikaoni akiwa amefikiri.

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, aliolewa Tanzania na anakaa Dodoma. Mwezi wa nane nilienda kumwona. Gari la moshi mpaka Lubumbashi, halafu basi kupita Kasumbalesa, kuvuka Zambia, mpaka wa Tunduma, Mbeya na Iringa. Ni safari ya kuvimba miguu. Nilipokwisha kupumzika aliniambia, “Yaya, siku ya posho nimekulipia matembezi. Utaona kitu ambacho kwetu hakipo.”

Tulikuwa watu tisa katika gari ndogo, na aliyetuongoza alikuwa binti wa huko huko, ambaye babu yake alikuwa mkulima wa zabibu. Wote tulimwita dada, hata wazee. Sisi tulisema divai, yeye alisema mvinyo, na dereva alisema waini, lakini tulielewana.

Dodoma ndio mji mkuu wa Tanzania. Mwaka 1973 iliamuliwa makao ya serikali yatoke Dar es Salaam yaende kule katikati ya nchi. Ukitoka kidogo tu nje ya mji, unaona nchi ya Wagogo: udongo mwekundu na mchanga, mibuyu minene, ng'ombe, mashamba ya mtama na uwele. Mvua yao ya mwaka haifiki milimita 600 katika miaka mingi, na inanyesha kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne hivi. Sisi ambao mvua inatuanza mwezi wa kumi na kutulowesha mpaka tunachoka, tungesema pale hapaoti kitu. Lakini dada alituonyesha kwamba mzabibu unaogopa maji mengi kuliko ukame. Majani yakikaa na unyevu, yanashikwa na ukungu, na matunda yanaoza kwenye mti. Mahali ambapo mahindi yanakufa, mzabibu unapona, mradi mkulima aweze kuumwagilia kidogo.

Hakuna mtu wa kale wa Dodoma aliyejua mmea huu. Waliouleta ni mapadri wamisionari kutoka Italia, katika miaka ya 1950, waliopanda kule Bihawana wapate divai ya Misa. Kutoka kwa mapadri mmea ukaenda kwa wakulima, na serikali nayo ikaingia. Leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini mwa mji, kinachojaribu aina za mizabibu na kutoa miche. Hata kuna aina moja nyekundu inayoitwa kwa jina la mahali pale, Makutupora.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni mkasi. Ulaya, dada alisema, mzabibu unalala wakati wa baridi, kisha unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Basi mkulima ndiye anayeuambia wakati. Anakata karibu matawi yote, mti unabaki kama kijiti, na mtu asiyejua angesema umeuawa. Anatia mbolea na maji, machipukizi yanatoka, maua, na kiisha kama miezi minne anavuna. Kwa hiyo wanavuna mara mbili: karibu na mwezi wa tatu, na tena mwezi wa nane na wa tisa. Sisi tulifika katikati ya mavuno.

Katika shamba moja njia ya Hombolo tulikuta mama mmoja mwenye ekari moja tu. Umri wake ni kama wangu, na wajukuu wawili walikuwa miguuni pake. Wageni wengine walipiga picha za vishada. Mimi nilikaa naye chini, nikamwuliza anapata nini.

Alicheka kwanza. Kisha akasema, “Mgeni, zabibu si mahindi. Mahindi yakikosa mnunuzi, utayaweka ghalani. Zabibu ikiiva ina siku zake.” Akanieleza msimu mmoja ambao wanunuzi walichelewa. Vishada vilianza kulainika na nyuki wakajaa. Yeye na watoto walibeba ndoo mpaka barabarani, wakauza kwa bei yoyote ambayo msafiri alitaja, na zilizobaki walizikausha juu ya mikeka. Mwaka ule hakulipa deni la dawa za shamba. “Mwenye pipa ndiye mwenye bei,” alisema. “Mimi nina mti tu.”

Wamama, neno hilo nimelibeba mpaka Kamina. Mulishike, nitalirudia.

Kiisha shamba tulienda kiwandani. Hapo mlangoni zabibu zinapimwa kilo, na pia zinapimwa sukari. Mtu anakamua tone moja juu ya kioo cha kifaa kidogo kama bomba, anakielekeza kwenye mwanga, na anasoma namba. Divai nyekundu inachachushwa pamoja na maganda, kwa sababu rangi iko katika ganda. Divai nyeupe inakamuliwa kwanza, na maji peke yake ndiyo yanachachushwa. Hamira inakula sukari na kuigeuza kuwa pombe. Mapipa ni ya chuma, yamepozwa, na kila siku mtu anaandika joto na sukari iliyobaki.

Nilipoona povu lile nilimwambia dada, “Hii ni ndugu ya malafu yetu.” Akaniuliza malafu ni nini, nami nikamweleza: maji ya mchikichi, asubuhi ni matamu hata mtoto anayapenda, mchana yanachemka yenyewe, kesho yake ni makali, keshokutwa ni siki. Akasema ni kazi ile ile, ila sisi hatuna namna ya kuisimamisha. Nikamweleza pia munkoyo, jinsi mizizi inavyotiwa katika uji wa mahindi na kuulainisha na kuutia utamu. Aliandika jina lake katika kitabu chake. Nilifurahi kuona kwamba na sisi tuna kitu cha kufundisha.

Mwisho ilikuwa kuonja. Glasi nne, kila moja na vidole viwili tu vya divai, mkate kando, na ndoo ya kutema. Ndiyo, kutema! Mtu anazungusha divai mdomoni, anaonja, anaitema, na hakuna anayemcheka. Katika kundi letu kulikuwa na mke kijana mwenye mimba. Kabla hajasema neno, dada alimwekea maji ya zabibu yasiyochachuka, akatuambia wote kwa sauti ya kawaida kwamba pombe inafika kwa mtoto tumboni na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Dereva hakugusa glasi. Kwenye kila chupa kuna karatasi inayosema kiasi cha pombe ndani, kama asilimia 12 au 13, na alama ya shirika la viwango la Tanzania.

Mimi nilionja kidogo, nyeupe ikanipendeza, nyekundu ikanikausha ulimi. Lakini akili yangu ilikuwa Kamina.

Sasa tuseme wazi. Lutuku yetu inatoka katika mahindi na muhogo, inapikwa katika pipa juu ya moto, na hakuna anayepima. Chupa ya leo na ya kesho hazifanani nguvu. Hakuna karatasi, hakuna umri, mtoto wa miaka nane anatumwa kuinunua. Hakuna mmoja wetu asiyejua nyumba ambayo mshahara unakwisha kabla haujafika mlangoni, na mama anayelala kwa jirani usiku huo. Wenzetu wanaosema kasha lisiguse lutuku hawasemi kwa kiburi. Wengine wanasema kwa sababu ya makovu.

Lakini tumwangalie pia anayeipika. Mara nyingi ni mjane, au mke ambaye bwana yake alienda kwenye machimbo na hakuandika tena. Kuna mwenzetu hapa, simtaji, aliyelipia watoto wanne masomo kwa moto ule. Tukimwambia “usikope kwetu,” hataacha kupika. Atakopa kwa mfanyabiashara ambaye atachukua nusu ya faida, na atapika zaidi apate kulipa. Tutakuwa tumeosha mikono, na lutuku itakuwa imeongezeka mtaani.

Hapa ndipo neno la mama wa Hombolo linaponisaidia. Mwenye pipa ndiye mwenye bei. Mpika lutuku ameelewa jambo hili kutushinda sisi. Sisi tunavuna mahindi mwezi wa tatu na wa nne, tunauza yote upesi kwa mwenye kamyo, kwa bei yake, kwa sababu masomo yanataka pesa na nyumba haina mahali pa kuweka. Ikifika mwezi wa kwanza tunanunua unga kwa bei inayotuumiza, pengine wa mahindi yale yale. Yeye hauzi mahindi. Anayageuza kuwa kitu kisichooza, anauza chupa kwa chupa, mwaka mzima. Akili yake ni nzuri. Kitu anachotengeneza ndicho kinachotuua.

Kwa hiyo mimi nitasema hivi kikaoni, na munaweza kunipinga.

Kwanza, tusimfunge mtu mlango wa kasha kwa sababu ya anachopika. Tumkopeshe, lakini mkopo uwe wa kutengeneza kitu kingine: mafuta ya mawese, karanga za kusaga, munkoyo safi kwa arusi na matanga. Apewe misimu miwili ya kubadilika. Mzabibu ukikatwa leo hauzai kesho, na mama mwenye watoto hawezi kukaa miezi minne bila kitu sufuriani.

Pili, pesa iliyokusanywa kwa sikukuu ya mwaka huu tuiweke katika ghala. Chumba kimoja kikavu, chenye mbao chini, magunia yasiguse sakafu. Mwezi wa nne kundi linunue mahindi ya wanachama kwa bei isiyo ya aibu, na mwezi wa kwanza liwauzie wanachama wale wale kabla ya wengine. Yule anayetafuta mahindi ya kupikia lutuku katika wakati wa njaa hatayapata kwetu. Hilo litapunguza lutuku kuliko kumtenga mwenzetu.

Tatu, wale ambao bado wanapika katika misimu hiyo miwili watoe ahadi mbele ya wote: mtoto asiuziwe, mwenye mimba asiuziwe, na anayekuja na mshahara wake wote mkononi arudishwe nyumbani. Mutasema nani atachunga. Sisi wenyewe, tunaoishi mlango kwa mlango.

Najua jibu la wengine: munkoyo hauleti pesa kama lutuku. Ni kweli kwamba hauwezi kukaa, siku tatu unakuwa mchungu. Lakini sijawahi kuona hesabu ya lutuku yenyewe. Tunahesabu pesa inayoingia, hatuhesabu makaa, mahindi, pipa lililotoboka, usiku usio na usingizi, na chupa zilizokopeshwa ambazo hazikulipwa. Mama wa Hombolo alijua kila senti ya ekari yake, hata ya msimu uliomwangusha. Ndiyo sababu aliweza kunieleza shida yake kwa maneno machache, na nikaielewa.

Basi ninaomba kila mmoja aje na namba tatu, zimeandikwa au zimewekwa kichwani. Magunia mangapi ya mahindi uliuza baada ya mavuno, na kwa bei gani. Unga kiasi gani ulinunua mwezi wa kwanza na wa pili, na kwa bei gani. Na kama unapika lutuku, pipa moja linakuachia nini mkononi ukisha kutoa vyote. Wasiojua kuandika wasaidiwe na binti zao jioni.

Na yule mwenzetu ninayemzungumzia, ninamwomba asikae nyumbani siku ile. Aje, akae mbele, aseme hesabu yake mwenyewe. Kuamua juu ya mtu akiwa hayupo ni rahisi sana, ndiyo maana tusifanye hivyo.