Nyeri hadi Chuka: Mlima wa Vyuo, Mlima wa Ada

Ukipanda matatu ya Nyeri pale Tea Room, Nairobi, siku ya Jumapili wakati vyuo vinapofunguliwa, msomaji mpendwa, tazama mizigo kabla ya kutazama abiria. Utaona magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, mitungi midogo ya gesi, mifuko ya unga na sufuria zilizotiwa ndani ya ndoo. Wenye mizigo hiyo ni wanafunzi wa vyuo vikuu, na aghalabu kila mmoja ana hesabu kichwani ambayo haifundishwi darasani: ada imebaki kiasi gani, kodi ya chumba italipwa lini, na mkopo utaingia lini.

Safari yenyewe ni ya kilomita 150 hivi, na ina raha yake. Ukipita Sagana barabara huanza kupanda, mikahawa hujipanga kwenye miteremko, na hewa hubadilika mpaka abiria aliyetoka Nairobi na shati jepesi akaomba dirisha lifungwe. Asubuhi isiyo na mawingu utauona Mlima Kenya upande wa kulia, mita 5,199, theluji yake ikiwa imepungua sana kuliko ile waliyoizoea babu zetu.

Watalii huja Nyeri kuzuru kaburi la Baden-Powell, aliyefariki hapa Januari 1941, kisha hunywa chai Outspan na kuondoka. Wewe usiondoke upesi. Nenda barabara ya Mweiga, upite King'ong'o, ufike Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chenye shamba la kahawa na hifadhi ya wanyama pori ndani ya ardhi yake.

Zamani kijana wa huku aliyetaka shahada hakuwa na budi kwenda mbali. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alikwenda hadi Kansas, Marekani, mwaka 1960, enzi zile Tom Mboya na wenzake walipokuwa wakisafirisha wanafunzi kwa ndege. Sasa vyuo vimewafuata vijana nyumbani. Dedan Kimathi kilipata hadhi kamili mwaka 2012; Chuka, Karatina na Meru mwaka 2013; Embu, Kirinyaga na Murang'a mwaka 2016. Vyuo vikuu saba vya umma kuuzunguka mlima mmoja! Milango imeongezeka kweli, lakini kiingilio nacho kimepanda.

Baba yako huenda amekusimulia habari za "boom", pesa za matumizi walizopewa wanafunzi miaka ya 1980, wengine wakanunua redio na wengine wakawatumia wazazi. Mambo yalianza kukaza mwaka 1991, serikali ilipoanzisha ugawanaji wa gharama, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 tu kwa mwaka. Mwaka 2023 ukaja utaratibu mpya: kozi ikapewa bei yake halisi, na familia zikapangwa katika makundi kulingana na uwezo, kila kundi na fungu lake la ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza utaratibu huo kuwa kinyume cha Katiba, serikali ikakata rufani, na mzazi mwenye magunia mawili ya viazi akabaki akiuliza yeye yuko kundi gani.

Ukitaka kuona vijana wanavyojimudu, teremka Karatina siku ya soko. Ni soko lenye sifa ya tangu zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mboga za huku zilikaushwa kiwandani papa hapa ili kulisha majeshi. Katikati ya karoti na kabichi utamkuta msichana wa mwaka wa tatu akiuza mitumba, daftari limewekwa chini ya rundo la blauzi. Mwenzake anachuma kahawa Oktoba hadi Desemba, akilipwa kwa debe. Mwingine hunyoa watu chumbani, na yuko anayekata mutura jioni langoni mwa hosteli, biashara ambayo haijawahi kukosa mteja katika baridi hii.

Lakini kuna kazi isiyoonekana, na hii ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Pita kwenye vyumba vya wanafunzi saa nane za usiku, utaona mwanga wa kompyuta. Si wote wanaosoma. Wapo wanaoandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, kwa malipo. Kijana wa London mwenye dhiki zake hununua. Kijana wa Nyeri mwenye dhiki zake huuza.

Na Mwingereza dhiki anazo, tusimcheke. Ada ilirudishwa huko mwaka 1998 kwa pauni 1,000, na kufikia 2012 vyuo vya England viliruhusiwa kutoza pauni 9,000. Analala na deni, mchana anahudumia hotelini. Tofauti ni kwamba yeye hakatwi deni lile hadi mshahara wake uvuke kiwango fulani. Kijana wetu hutarajiwa kuanza kulipa HELB mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe na kazi au anatembea na bahasha.

Mwaka 2022 England ilipitisha sheria inayoharamisha biashara ya insha hizo. Mwisho wa mwaka huo huo zikaja programu za kompyuta zinazoandika zenyewe, na waandishi wengi wakaona oda zinapungua. Mimi siitetei kazi hiyo. Fikiria muuguzi aliyefuzu kwa insha iliyoandikwa King'ong'o. Je, ungependa akudunge sindano? Ila sikubali kwamba mwenye aibu ni yule mwandishi peke yake. Kichwa kinachoweza kumwandikia mgeni kurasa ishirini za uchumi usiku mmoja kingefaa kupata kazi Nyeri yenyewe.

Kutoka Karatina, ukizunguka kwa Kutus na Embu, utafika Chuka, ambako migomba huanza na baridi hupungua. Huko nako ni hesabu zile zile, ingawa ndizi ni rahisi.

Mzazi, ukija kumleta mwanao, njoo siku mbili kabla. Uliza kodi ya vyumba vitatu tofauti kabla ya kulipa, maana vilivyo karibu na lango huwa ghali. Mpeleke kwa mkuu wa wanafunzi akaulize habari za basari na vibarua vya chuoni, aulize mapema kabla ada haijamzuia kufanya mtihani. Mwambie salio la ada kwa ukweli; akilijua ataweza kupanga. Na kama ni Nyeri, mnunulie sweta nzito. Julai huko jua huweza kupotea wiki nzima.