Maswali Arobaini Katika Vichochoro vya Mukuru

UKITAKA kuingia Mukuru kwa Reuben asubuhi, shurti uwe tayari kupigana vikumbo. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, umati wa wakazi hutoka kwa miguu kuelekea viwanda vya Enterprise Road na Lunga Lunga, na wewe mgeni ndiye unayekwenda kinyume cha mkondo. Wanaume kwa wanawake hupita mbio, wengine na chakula cha mchana mkononi, wasije wakakuta nafasi za kibarua zimejaa. Tulisimama kando ya kibanda cha chai mpaka wimbi likapungua, mpwa wangu akiwa ameikumbatia faili yake kifuani kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ndani ya faili hiyo mlikuwa na hojaji yenye maswali arobaini. Chuoni kwao alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza kama mikakati ya makazi ya serikali ya jiji inabadilisha kweli maisha ya wakazi, na mhadhiri wake alikuwa amesisitiza kwamba asilete takwimu za vitabuni pekee bali aende akawaulize watu wenyewe. Dadangu akakataa katakata bintiye aende peke yake. Hivyo ndivyo mjomba mtu nilivyojikuta nikizuru mtaa ambao kwa miaka mingi nimeutazama tu kupitia dirisha la gari.

Mukuru si kijiji kimoja. Ni mitaa mitatu iliyoshikana, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, ambayo imejibanza baina ya Eneo la Viwanda na barabara ya Outer Ring, huku Mto Ngong ukipita kando na maji yake meusi. Jina lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni bonde. Katika miaka ya 1980 na 1990 sehemu kubwa ya ardhi hii iligawiwa kampuni na watu binafsi ili wajenge viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa. Waliojenga ni watu wengine kabisa, na walijenga kwa mabati, chumba baada ya chumba, hadi leo ambapo mitaa hii mitatu ina zaidi ya familia 100,000.

Mlango wa kwanza tuliobisha haukuwa na haja ya kubishwa kwani ulikuwa wazi, na mama mwenye nyumba alikuwa nje akifua. Mpwa wangu alijitambulisha vizuri, akaeleza anakotoka, akafungua faili. Mambo yalikwenda sawa hadi swali la tatu.

"Nyumba yako ina vyumba vingapi, mama?"

Mama alimtazama, akageuka akautazama mlango wake, akacheka mpaka povu la sabuni likamrukia usoni. "Mwanangu, pale unapopaona ndipo chumbani. Pale pale ndipo jikoni. Wageni wakija, pale pale ndipo sebuleni."

Chumba cha Mukuru kwa kawaida ni futi kumi kwa kumi. Kitanda huwa nyuma ya pazia, na kando ya mlango ndipo huwekwa jiko na mitungi ya maji. Hojaji ya mpwa wangu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyekulia katika nyumba yenye korido, na sioni haya kusema kwamba mtu huyo ni mmoja wa ukoo wangu.

Swali la tano ndilo lililotufundisha zaidi. Liliuliza, "Wewe ni mpangaji au mwenye nyumba?" Cheko la mama likakatika. Akatuuliza sisi ni wa kaunti, ni wa chifu, au ni wa yule bwana. Hatukujua yule bwana ni nani. Baadaye kijana mmoja wa pale, aliyewahi kufanya kazi ya kuhesabu wakazi, alitueleza kwamba Mukuru chumba kimoja kina wenyewe watatu. Kuna mwenye hati ya ardhi, ambaye huenda hajakanyaga hapo kwa miaka mingi. Kuna mwenye mabati, aliyejenga vyumba ishirini vya kupangisha, na naye aghalabu haishi hapo. Halafu kuna anayelala ndani, ambaye hana karatasi yoyote. Wakazi wengi mno wa Mukuru ni hao wa tatu. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo kama ni mpangaji, yeye husikia swali jingine: je, siku ya kugawa nyumba utakuwamo au hutakuwamo?

Namba za chaki mlangoni nazo zina hofu yake. Mahali pengine namba mlangoni ni anwani. Hapa alama juu ya bati inaweza kuwa dalili ya kuhesabiwa ili upate kitu, au ya kuhesabiwa ili uvunjiwe, na anayeishi ndani haambiwi mapema ni ipi.

Ndiyo maana nililistahi zaidi shirika la Muungano wa Wanavijiji kuliko nilivyolistahi kabla ya kwenda. Lilianzishwa mwaka wa 1996 na wakazi wa mitaa ya mabanda waliokuwa wakipinga kufurushwa, na moja ya mbinu zao ni wakazi kuhesabiana wenyewe. Mwenye kalamu ni kijana wa uchochoro huo huo. Anajua ni nani analala zamu ya usiku kiwandani na asiamshwe, na anajua kwamba choo kilicho upande wa pili kimefungwa kwa kufuli.

Kazi ya namna hiyo, ikishirikisha pia vyuo vikuu, ndiyo iliyotoa hoja ambayo jiji lilishindwa kuipuuza: kwamba maskini wa Mukuru hulipa zaidi ya jirani yake mwenye nafasi. Mwanafunzi anaweza kulifanya hesabu hilo mwenyewe. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mitungi 50 ni mita moja ya ujazo ya maji, nayo ni shilingi 250. Familia yenye mita ndani ya nyumba katika mtaa uliopangwa hulipa chini ya hapo kwa mbali, na haibebi kitu kichwani. Na bei hiyo ya shilingi 5 ni ya siku njema. Maji yakikatika, mwenye mfereji hupandisha atakavyo. Stima nayo hupitia kwa mtu wa kati, anayekata waya wako siku usiyolipa bila kukupa ilani.

Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Upangaji. Ujenzi mpya ukasimamishwa kwa muda, na wataalamu wa maji, afya, ardhi, elimu na makazi wakaanza kuchora mpango pamoja na wakazi. Nyumba kumi zilikuwa na msemaji wao, wasemaji hao wakakutana katika mabaraza makubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi juu. Mikutano ilikuwa mingi, na bila shaka wapo waliochoka kukaa kwenye viti vya plastiki. Lakini tazama suala la barabara. Kanuni za kawaida za mipango ya miji hutaka barabara pana, na upana huo ungemeza nyumba nyingi kupita kiasi. Mpango wa Mukuru ulikubali barabara nyembamba zaidi, ili wachache ndio wahame na wengi wabaki.

Tulizipitia barabara hizo. Kuanzia mwaka wa 2020, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ilifungua na kuweka lami sehemu kadhaa za Mukuru, ikachimba visima na kujenga vituo vya afya. Mwaka wa 2022 idara hiyo ilivunjwa na kazi zake zikarudi kwa kaunti. Mtu wa Buruburu au Lang'ata anaweza kuona lami kuwa kitu kidogo. Lakini mkazi wa hapa ataitaja kwa mengine: gari la wagonjwa linaweza kufika, na gari la kuzima moto pia. Hapo Sinai, upande wa Viwandani, moto wa bomba la mafuta uliwaua watu zaidi ya 100 mnamo Septemba 12, 2011, na wengi wa waliokuwapo hawajasahau. Barabara kwao si starehe ya kutembelea.

Kisha tukafika Kwa Njenga, na hapo mpwa wangu akaifunga faili kwa muda. Mwishoni mwa mwaka wa 2021, matingatinga yaliingia humo ili kupisha barabara ya kuunganisha eneo hilo na barabara kuu mpya. Watu wapatao 40,000, kwa makadirio ya wakati huo, walipoteza makao, na wengi wakalala kwenye mahema juu ya kifusi cha vyumba vyao kwa wiki na wiki. Huu ndio mtaa ule ule uliokuwa umehesabiwa, ukaulizwa, ukawekwa kwenye mpango maalumu. Usishangae basi ukimkuta mtu wa Kwa Njenga anayekujibu kwa mkato. Aliwahi kujibu maswali mengi zaidi ya yako, na kwa adabu.

Swali la arobaini lilikuwa la kupima ubora wa maisha. "Kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kwa kiasi gani na makazi yako?" Wengi walisema tatu. Nilidhani ni heshima tu, hadi shosho mmoja aliyekuwa akichambua sukuma wiki alipotaka kuelezwa: aseme makazi ya mchana au ya usiku? Mchana, alisema, ni nne. Wateja wake wanapita mlangoni, wajukuu wako shuleni mwendo wa dakika tano, mwanawe anakwenda kibaruani kwa miguu bila kulipa nauli. Usiku ni moja, kwa sababu choo kiko mbali na kijia ni giza, na msichana akitaka kutoka sharti aamshe mtu wa kumsindikiza. Mpwa wangu aliandika zote mbili, akachora mstari katikati, kisha akarudi milango mitatu nyuma kuwauliza upya wale waliosema tatu.

Kando ya mitaa hii sasa kuna majumba ya ghorofa ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Mnamo Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa wenyewe, ambao hulipa kidogo kidogo kila mwezi hadi ziwe zao. Choo kimo ndani, maji yamo ndani, na mtu hawezi kulidharau hilo baada ya kumsikiliza shosho akieleza usiku wake. Lakini nilipomwuliza kama angehamia, aliinua uso akazitazama zile ghorofa kwa muda. Akauliza sukuma wiki yake ataitandaza wapi huko juu, na ni nani atakayepanda ngazi kununua fungu la shilingi kumi. Hojaji haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Mpwa wangu aliliandika nyuma ya karatasi.

Tulipoaga, saa tisa na nusu, wale wa zamu ya asubuhi walikuwa wameanza kurejea. Shosho akatuzuia. Majibu, alitaka kujua, yanapelekwa wapi, na yatarudi lini? Mpwa wangu akasema yanakwenda kwa mhadhiri. Shosho akaomba karatasi moja ya hojaji isiyojazwa, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kanga yake pale anapofunga pesa za mauzo.

"Ukirudi," alisema, "nitakuuliza mimi."

Tumekubaliana kurudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mpwa wangu ameanza kuandika matokeo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na jana alinipigia simu kuniuliza nadhani shosho ataanza na swali gani.