Bega kwa Bega hadi Capri Point

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumamosi, mume wangu ananivuta shuka. "Mama, amka bwana, tutaachwa!" Mimi niliyetua Mwanza jana yake, nikiwa na ndoto ya kulala hadi saa nne, nikamtazama kama mwehu. Ni huyu huyu aliyekuwa anawasha gari kwenda duka la jirani?

Alikuwa amehamishiwa huku kikazi, mwezi wa nane sasa. Ndoa ya simu mnaijua: "Umekula?" "Nimekula." "Watoto?" "Wamelala." Basi. Tena kila Jumamosi asubuhi simu yake ilikuwa haipokelewi. Nilipanda ndege na langu moyoni, na nadhani msomaji unalijua.

Kumbe mwenzangu anatembea!

Tuliwakuta wenzake kwenye mnara wa saa, katikati ya mji. Kama watu ishirini hivi: mhasibu, nesi, dereva wa bodaboda, na mama mmoja muuza samaki aliyenipokea kwa "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mnara ule una bamba linalosema Speke aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza akiwa kilima cha Isamilo, tarehe 3 Agosti 1858, na baadaye akathibitisha kuwa ndilo chanzo cha Nile. "Babu zetu walikuwa wanavua hapa hapa, wanamwangalia tu," akanitania yule mama. Safari ikaanza.

Sheria yao ni moja: hakuna kumwacha mtu nyuma. Tukateremka hadi kivuko cha Kamanga, abiria wa upande wa Sengerema wakishuka na matenga yao. Mbele kidogo, Jiwe la Bismarck limesimama majini juu ya mawe mengine, utafikiri litaanguka kesho. Jua lilipochomoza, mijusi ya Mwanza ikatoka kuota joto: kichwa na kifua rangi ya waridi, mwili bluu. Ng'ambo kidogo ni Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Nikaanza kufurahi.

Hapo ndipo yule mama akamgeukia mume wangu. "Baba, presha inasemaje leo? Dawa umekunywa?"

Miguu ikaniishia. Presha gani?

Kundi likatangulia taratibu, tukabaki wawili. Akatazama ziwa. "Mwezi wa tatu huu. Daktari ndiye aliyeniambia nitembee. Sikutaka kukutisha, uko mbali na watoto."

Niliumia, jamani. Muuza samaki anajua, mke sijui! Tungekuwa mezani nyumbani, tungegombana, mmoja angebamiza mlango. Lakini barabarani mlango hakuna. Tulitembea tu, macho kwenye maji, hakuna anayemkodolea mwenzake, na maneno yakaanza kutoka. Akaniambia usiku anaogopa. Nami nikakiri: nilijua Jumamosi zake zina mwanamke. Akacheka hadi yule mama, aliyekuwa anatusubiri kwenye kona, akapiga kelele: "Nyie, haya ni mazoezi!"

Sasa nikuambie wewe na mwenzi wako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki: nusu saa, siku tano. Kipimo ni rahisi: uweze kuongea, lakini ushindwe kuimba. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na vikundi vya jogging na vya kutembea viko mitaani kwako. Uliza tu. Vaa raba zilizozoea mguu, beba maji, na kama una presha, muone daktari kwanza na dawa usiache. Ukishindwa kilima, sema. Watakusubiri, na usipoonekana wiki mbili watakupigia simu kukujulia hali.

Jumamosi simu yake bado haipokelewi asubuhi. Na mimi siipigi. Saa hiyo nami niko Daraja la Tanzanite, Dar, na kikundi changu. Tukimaliza ndipo tunapigiana, wote tunahema, na swali la kwanza silo "umekula?" tena. Ni "leo imesomaje?"